Nimempeleka Lagi Akiwa Anahema

Pesamino mwanangu,

Magimbi yamo sufuriani. Nguruwe ameshakula, asikudanganye.

Nimempeleka mwanao Lagi kwa daktari tena. Asubuhi alirudi kutoka mazoezi ya netiboli kashika koo, pumzi inapiga mluzi, nawe ukamwambia, "Acha uvivu, dawa ya kuvuta si unayo?" Ukaondoka kabla hajaweza kujibu.

Dawa ile haimsaidii. Mluzi unatoka kooni anapovuta hewa, si kifuani. Mara tatu daktari amemwona mzima, kwa sababu sisi humfikisha pale ameoga, amechanwa nywele, ametulia kwa adabu nusu siku akingoja zamu. Leo tutashuka basi mbali, nimkimbize mpaka mlangoni kwake. Watakaoniita kichaa na waniite, ila daktari atausikia mluzi huo.

~~Tutarudi jioni.~~ Nitarudi jioni. Lagi huenda akavushwa kwa feri hadi hospitali kubwa ya mjini Apia, akae kwa shangazi yake wiki kadhaa. Nyumba hii imejaa watu, lakini mizaha yangu huicheka yeye peke yake.

Mkeka wake ulio kando ya wangu msiukunje.

Mama