Kikosi Kisicho na Ngao

Nyumba ya kona,
Mkabala na duka la fundi simu,
Jumatano asubuhi, tarehe 12.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kupanda nguzo za umeme umetulia. Sisi hapa hatujambo. Bibi anakula vizuri na analalamika vizuri, kwa hiyo ni mzima. Mama ana kikohozi kidogo, anasema ni vumbi la vitambaa, lakini cherehani yake haijapumzika. Baba yupo kama umjuavyo: anatoka kimya na anarudi kimya, ila siku hizi akirudi ana njaa ya watu wawili.

Dereva wa lori la mahitaji amesema anakuja kambini kwenu kesho. Kwa kuwa huko mtandao haufiki, nimeona nimpe barua kuliko kungoja siku utakaposhuka mjini kupiga simu. Kungoja ningeweza zamani. Sasa hivi siwezi.

Tangu nimalize shule situlii, Shangazi. Nafagia ua, kisha naufagia tena. Nakaa kumsaidia Mama kushona vifungo, kabla kifungo cha pili hakijashika nimeshasimama kwenda kutazama kama maji yamechemka, na kumbe sikubandika maji. Matokeo hayajatoka. Kila anayeingia kupimwa nguo ananiuliza, haya mwanangu, sasa unafanya nini? Mimi natabasamu na kuitazama sindano. Juzi Mama alimjibu mteja mmoja kwa niaba yangu kwamba ninapumzika. Sijawahi kuchoka kama ninavyochoka kwa kupumzika huku.

Kinachonishika akili ni kimoja tu, nacho ni ule mchezo wa mazimwi ulionifundisha kwenye simu yako ya zamani. Najua utacheka. Lakini ngoja nikueleze, maana wewe peke yako katika ukoo huu ndiye utakayenielewa.

Fundi simu ameweka meza na benchi mbele ya duka lake, na kila alasiri watu wanakuja kupambanisha mazimwi yao. Ameunda timu ya mtaa, ya watu watatu. Kiti cha kwanza ni cha dada msusi wa pale saluni, ambaye ndiye nahodha. Cha pili ni cha mwalimu wa hesabu, yule anayefundisha watoto kwenye varanda yake. Cha tatu kiko wazi kwa sababu mwenyewe amehama. Jumamosi watacheza na timu ya mtaa wa pili, ukumbini, mbele ya watu. Leo alasiri kiti hicho kinagombewa na watu wawili. Mmoja ni kijana anayeosha magari, wanamwita Kiroboto kwa sababu hajui kukaa mahali. Mwingine ni mimi.

Nakitaka kile kiti, Shangazi. Sijamwambia mtu. Nikikipata, kutakuwa na watu ambao nisipotokea watauliza, huyu yuko wapi leo? Tangu shule iishe sina mahali pa namna hiyo. Nyumbani hawawezi kuuliza nilipo, kwa sababu siku zote nipo.

Tatizo ni kwamba sheria zimebadilika tangu uondoke. Sasa pambano lina muda. Muda ukiisha bila mshindi, wote wawili mmeshindwa. Na wewe unajua ulivyonifundisha: jifunike, vumilia, mwache mwenzio apige mpaka achoke mwenyewe. Kikosi changu chote kilikuwa ngao tupu, kobe mbele na konokono nyuma. Pale bencheni wamenipa jina la Ukuta. Fundi alinitazama wiki nzima, halafu akaniambia huku anapuliza vumbi kwenye tundu la chaji ya simu ya mtu: “Wewe hushindwi, binti. Lakini kushinda nako hushindi.”

Niliondoka pale masikio yakiwaka moto. Nilipofika nyumbani nikaanza kubomoa.

Usikasirike, nimemtoa Gamba. Yule kobe nampenda kama ndugu, lakini sasa yuko ghalani na konokono wake. Kikosi kipya hakina ngao wala mganga. Kimejaa wapigaji. Wa kwanza ni Mbigili, yule zimwi wa mti mwenye miiba. Siku hizi wamempa uwezo wa kuita upepo. Akishauita, wote watakaomfuata wanakuwa wepesi na wanapiga kabla ya adui, ila kwa zamu chache tu, kisha upepo unakufa. Nyuma yake yuko Jivu wa moto, na Radi, ambaye ngozi yake ni nyepesi kama karatasi lakini akitangulia kupiga hakuna anayebaki amesimama. Wengine nimewachagua kwa moyo huo huo. Ni kikosi cha mtu mwenye haraka. Nilipokimaliza nilikitazama nikaona aibu, kama mtu aliyevaa nguo nyekundu asizozizoea.

Na mpaka leo sijashinda nacho hata mara moja. Kosa langu nalijua. Mbigili anaita upepo vizuri, halafu adui akitishia kumpiga, mimi namrudisha ndani, namtoa mwingine asimame mahali pake. Kidole kinakwenda chenyewe. Namwokoa yeye, zamu inapotea, na upepo unakwisha ningali nahangaika kupanga nani aingie. Mwalimu wa hesabu alijaribu kunieleza kwa mahesabu kwamba Mbigili akishaita upepo kazi yake imekwisha, aachwe aanguke. Nikamwambia nimeelewa. Zamu iliyofuata nikamrudisha ndani.

Hata Bibi ameliona hilo. Jana alikaa karibu nami kwenye mkeka, akauliza kama wadudu wangu wamekula. Nikamwambia si wadudu, Bibi, ni mazimwi, na hawali. Akatazama kioo muda mrefu, miwani imeshuka puani, kisha akasema, “Unawalea kama mayai. Zimwi wa kujificha ndani ni zimwi wa nini?” Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka.

Saa ya kwenda imekaribia. Nimebadili blauzi, nimeivua, nimerudia ile ya kwanza. Naiacha barua hapa mezani chini ya mkasi.

*

Alhamisi asubuhi.

Shangazi, lori halijaondoka. Springi imevunjika na dereva analaumu kila mtu isipokuwa barabara. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kuendelea.

Nilikwenda. Benchi lilikuwa limejaa na wengine wamesimama, hata wanawake waliotoka saluni na nywele nusu zimesukwa, kwa kuwa msusi wao alikuwa nje anatazama. Kiroboto alikuwa tayari mezani, miguu inacheza chini, mikono bado ina povu la sabuni. Aliponiona akawatangazia watu kwamba leo amekuja na nyundo, maana Ukuta haubomolewi kwa maneno. Watu wakacheka. Mimi nikakaa nikatazama simu yangu. Nilitamani kujibu kitu, lakini unanijua. Jibu langu zuri huwa linafika nikiwa nimeshalala kitandani.

Tulikubaliana kwamba atakayeshinda mapambano mawili anachukua kiti.

La kwanza silisimulii kwa furaha. Mbigili akaita upepo. Kiroboto akamleta Mamba, zimwi wake anayejua kutema moto na kutema maji. Mti na moto, Shangazi! Kidole kikaenda. Nikamrudisha Mbigili, nikamwingiza Jivu, kwa kuwa moto haumuumizi mwenzake. Lakini wote tunachagua kwa wakati mmoja, na Kiroboto hakuwa amechagua moto. Alitema maji. Jivu aliingia uwanjani akakutana na mafuriko usoni, akazimika hata hajasalimia. Baada ya hapo upepo ukaisha, na waliobaki wakapukutika mmoja mmoja.

Kiroboto akaegemea nyuma. “Ukuta, wewe nakusoma kama bango la barabarani,” akasema. “Ukiogopa tu, unakimbiza mtoto ndani. Mimi simpigi aliyepo, nampigia anayekuja.”

Alisema kwa kunikera, lakini alikuwa amenipa ufunguo. Nilikaa nikiyarudia yale maneno kichwani huku watu wakipiga kelele. Nampigia anayekuja. Kumbe kila nilipokuwa nikimwokoa mmoja nilikuwa nampeleka mwingine kwenye maji.

La pili likaanza. Mbigili, upepo. Mamba, mdomo wazi. Nikahisi kidole kinaelekea pale pale pa kila siku, nikakishika kwa mkono mwingine, Shangazi, nakuambia kweli, nilikishika kama mtu anavyomshika mtoto asivuke barabara. Sikumrudisha. Nikampiga Mamba kwa miiba. Kiroboto akatema maji, akimtegea Jivu. Jivu hakuja. Maji yakamwagikia mti.

Mti ukimwagiwa maji unafanyaje? Ulinawiri. Ile miiba ikamwingia Mamba, akalala. Nyuma yangu dada msusi akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba anazungumza na kitana chake, “Haya, ukuta umetembea.” Pambano hilo sikuliachia tena.

La tatu ndilo nililoliogopa, kwa sababu sasa alikuwa ameshajua kwamba naweza kubaki. Miguu yake chini ya meza ilitulia. Mbigili akaita upepo. Mamba akatoka. Kiroboto alinitazama usoni, jambo ambalo watu hawalifanyi sana nami, nami sijui aliona nini. Safari hii hakumpigia anayekuja. Nilijua atatema moto. Nilijua hata kabla hajagusa kioo, na nilikuwa na nafasi ya kumtoa Mbigili. Nikamwacha.

Aliungua pale pale. Ni mchezo tu, najua. Lakini upepo ulikuwa ungali unavuma. Nikamwita Radi.

Sikumbuki vizuri yaliyofuata kwa sababu yalikwenda haraka na mimi nilikwenda nayo. Radi alipiga kabla ya Mamba kugeuka. Akapiga wa pili kabla hajafungua mdomo. Kiroboto alianza kujifunika, yeye, Shangazi, akatafuta ngao, na hakuwa nayo kwa sababu hajawahi kuihitaji. Upepo ulipokufa alikuwa amebakiwa na zimwi mmoja mchovu, na Jivu wangu alikuwa mzima kabisa. Sikungoja muda uishe.

Kiroboto akaifuta simu yake kwa shati, akaniuliza kama ninaweza kumwonyesha namna ya kufunza zimwi kuita upepo. Nikamwambia ndiyo. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia.

Kwa hiyo kiti ni changu. Nilidhani nitakuambia hivyo tu, nikuage, niende kuruka ruka uani. Ila kuna jambo la pili, na ndilo linalonifanya leo niandike nimesimama, karatasi juu ya kabati.

Mimi niliamini kiti cha tatu ni cha mwisho. Nilijipangia kwamba Jumamosi nitakaa nyuma, wakubwa wacheze, na huenda zamu yangu isifike kabisa kama watakuwa wameshamaliza kazi. Watu walipotawanyika, dada msusi akanishika bega akaniuliza kama naweza kufika ukumbini mapema, kwa kuwa wa tatu ndiye anayeanza. Nikadhani anatania. Mwalimu wa hesabu akatikisa kichwa kwamba si utani.

“Sisi hatuwajui wale wanacheza vipi,” dada msusi akanieleza. “Wewe unakwenda mbele, unawafungua. Ukishinda, vizuri. Ukipigwa, sisi wawili tunakuwa tumeshaona tunapigwa na nini. Yule aliyehama alikuwa hodari wa kazi hiyo, lakini alikuwa anaogopa kuharibu jina lake.” Kisha akasema kama sitaki niseme sasa, wampe Kiroboto, hakuna atakayenilaumu.

Fundi alikuwa anafunga mlango wa duka, akaacha funguo zining’inie ili asikie.

Ukumbi mzima, Shangazi. Watu nisiowajua. Meza moja katikati na mimi wa kwanza kuketi. Nilifikiria uso wa Mama nikimwambia, nikafikiria ile sindano ninayoitazama kila nikiulizwa swali. Dada msusi alingoja. Hakunisaidia hata kwa neno moja, na namshukuru kwa hilo.

Nikamwambia, “Nitatangulia.”

Mama hajui bado kama afurahi au aogope, ameamua kunishonea blauzi. Baba, alipokuwa anamaliza kula, aliuliza Jumamosi ni saa ngapi. Kwangu swali hilo lilitosha.

Nisalimie mama mpishi wa kambi, na yule fundi mwenzako mnene unayesema anakoroma kama jenereta. Bibi anasema uvae soksi. Baba na Mama wanakusalimu sana. Mungu akulinde huko juu ya nguzo, nyaya zikutambue, na kila unapopanda akushushe salama.

Dereva anapiga honi, nami naikimbiza barua hii sasa hivi.

Mimi wako nikupendaye, mtoto wa kaka yako.