Jibu la Baba kwa Mpekuzi

4 Februari

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Macho yanaendeleaje? Bado unaweka ile dawa ya matone, au umeshaitupa kabatini?

Nina habari. Mkuu wetu amependekeza nihamie masijala ya siri, kile chumba cha ndani cha mafaili chenye mlango wa chuma. Mshahara utapanda kidogo. Kwanza nafanyiwa upekuzi: nilikosoma, marafiki zangu, madeni yangu. Mpekuzi atakuja kwako pia. Mjibu unavyojua, usiogope.

Bintiyo

19 Februari

Marahaba mwanangu,

Macho hayajambo. Jana nimetunga uzi kwenye sindano ya cherehani bila kumwita jirani. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Mpekuzi wako alikuja, kijana mtaratibu, kalamu mbili mfukoni. Akauliza kama unajua kutunza siri. Nikamwambia huyu tunamwita Kasuku tangu hajaota meno, lakini ya watu hayamtoki. Akauliza nani alilipia operesheni yangu ya macho. Nikajibu kwa majivuno, "Ofisi yake! Wanawajali watu wao." Akaandika, akanitazama, akaandika tena. Nimekosea?

Baba yako

26 Februari

Shikamoo Baba,

Hujakosea. Niliyekosea ni mimi, na bora ulisikie kwangu.

Ofisi haikutoa hata senti. Nilikopa benki, kwa sababu nilijua ukisikia neno mkopo hutapanda kitanda cha hospitali. Kwenye fomu niliandika deni lote na sababu yake. Jana mpekuzi akaniita. "Baba yako anasema ofisi ililipa. Basi fedha hizi zilikwenda wapi? Kamari? Mwanamume?" Kisha akanionyesha kwamba sijalipa miezi minne. Akasema hawamhukumu mtu kwa umaskini. Wanachohofia ni mtu aliyebanwa: akija mwenye bahasha, anaomba nakala ya faili moja tu, atamkatalia mara ngapi?

Nilikasirika, Baba, lakini swali lile nimelala nalo.

Nisamehe kwa uongo ule.

Bintiyo

12 Machi

Shikamoo Baba,

Wiki mbili sasa, kimya. Simu inaita tu. Jirani anasema upo na unakula. Kama umenuna, niandikie hata matusi.

Bintiyo

20 Machi

Marahaba,

Sikununa, niliona haya. Mzee mzima najisifia mbele ya mgeni, kumbe ni jasho lako.

Juzi nilikusanya risiti zote za hospitali, nikapanda basi hadi ofisini kwa yule mpekuzi, mgongo ukiniuma njia nzima. Nikamwambia, "Lile jibu langu lifute. Mwanangu alinidanganya mimi, hakukudanganya wewe. Fedha ziko humu machoni."

Akauliza, "Ungejua ni mkopo, ungekubali?"

Nikamwambia ningekataa, na leo ningekuwa nashikwa mkono kuvuka barabara.

Amechukua nakala. Hakuahidi kitu.

Baba yako

3 Mei

Shikamoo Baba,

Natumai mgongo umepoa baada ya safari ile.

Jibu limetoka. Kibali sijapewa. Risiti zako zimeondoa shaka kwamba nilidanganya, na barua inasema hivyo wazi. Kilichobaki ni malimbikizo. Nikilipa mwaka mzima bila kuruka mwezi, naweza kuomba tena.

Nafasi kapewa mwenzangu wa meza ya pili. Leo nimembebea mafaili hadi kwenye ule mlango, akaingia, ukafungwa, nikarudi mezani kwangu. Iliniuma, sikufichi.

Benki nimewafuata mwenyewe, wamenipangia marejesho madogo. La kwanza nimeshalipa.

Bintiyo

15 Mei

Marahaba Kasuku,

Mgongo umepoa, kazi imenichangamsha. Nimepata sketi hamsini za sare za shule.

Leo asubuhi nimekwenda benki kulipa rejesho la pili. Karani akauliza mimi ni nani katika mkopo huu. Nikamwambia, "Mimi ndicho kilichonunuliwa." Hakucheka, akagonga muhuri.

Usinirudishie. La tatu ni lako, la nne langu, hivyo hivyo mpaka mwaka uishe.

Baba yako