Ufagio Juu ya Paa la Bi Mwanaidi

Chang'ombe, Temeke

Shikamoo mama,

Nakuamkia kwa maandishi, maana kwenye simu sauti yako hukatika kila ukifika penye neno la maana. Goti limepoa? Baridi ya Njombe isikuonee, sogea motoni. Mie mzima, nakula, nalala, nafokewa.

Ulimtuma kaka aniambie nikifukuzwa hapa nirudi nyumbani. Nakujibu mwenyewe.

Unajua naishi kwa kuwapikia mafundi wa gereji, kwa lile jiko la kuni nililolitia dohani ya bati kama la kwetu. Wiki iliyopita moshi ukagoma kupanda. Ukarudi jikoni, ukatoka uani, ukaingia kwa wapangaji wote bila hodi. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, akasema, "Ijumaa jiko hilo livunjwe. Watu wa mjini wanapikia gesi." Maharage ya mafundi wale, mama, yangemaliza mtungi kabla hayajalainika. Na bila jiko sina kazi.

Nilijua ni masizi tu. Kuni zangu ni mabaki ya mbao mbichi za maseremala. Kwetu tungevuta tawi kwa kamba ndani ya dohani. Hapa tawi la kukata sina. Nikafunga fagio mbili za chelewa kwenye jiwe, jiwe nikalitia kamba, nikavaa suruali, nikapanda.

Sasa huku Pwani ufagio ukikugusa tu ni nuksi. Mie nilikuwa nao juu ya paa la mtu.

Bi Mwanaidi akaita kutoka ndani, "We Edina, unanifagia kichwani nikiwa hai?"

"Toka nje basi, bibi, kichwa kisiwe chini yake."

"Nitoke nyumbani kwangu nimpishe ufagio?"

Jirani wa chumba cha pili akadakia, "Dada, shuka. Mwanamke hapandi paa."

"Haya shemeji, panda wewe." Akakumbuka ana safari.

Nikateremsha jiwe, nikavuta, nikateremsha tena, mpaka masizi yakaporomoka. Ila nilisahau kuziba mdomo wa jiko kwa gunia bichi kama ulivyonifundisha. Yakatoka yote, yakatua kwenye kanzu ya mume wa Bi Mwanaidi iliyoanikwa uani. La kanzu niliomba radhi, nikaifua mwenyewe mpaka vidole vikachubuka. La jiko sikuomba.

Kisha nikawasha mbele yao. Moshi ukanyooka juu. Bi Mwanaidi akautazama, akaingia ndani.

Ijumaa ikapita, hakuna aliyekuja na nyundo. Jumamosi Bi Mwanaidi akaniuliza nitafagia tena lini, ili siku hiyo ashinde kwa binti yake Kinondoni. Nikamwambia kila mwisho wa mwezi. Akasema, "Basi mwanangu atanichoka."

Msalimie baba mdogo, shangazi mwenye duka, na kaka mjumbe wako. Nitakuja kukuona, mama. Kurudi, hapana.

Ni mie mwanao, ninayenuka moshi,
Edina