Andika Kosa Kubwa

Mjukuu wangu Akinyi,

Hapa Rangwe tuko salama, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Umeuliza kwa nini sipendi neno minor, ambalo huko chuoni mnalitumia kwa mtoto, kidonda, hata somo. Mimi niliitwa minor wife, mke mdogo.

Desturi yetu, mke mkubwa hupanda kwanza. Mwaka ule mvua ilikuja mke mwenzangu, yule mkubwa, akiwa amelazwa hospitali ya Homa Bay. Shemeji zangu wakasema, "Wewe mdogo, ngoja." Watoto wa nyumba zote mbili wangekula nini? Nikapanda shamba lake, kisha langu.

Walinishtaki. Chifu akacheka: "Hili ni kosa minor, mama. Omba msamaha uende."

"Andika kubwa," nikamwambia. "Nimelifanya mchana, na nitalirudia."

Jembe bado ninalo.

Nyanya yako