Waini ya Posa Niliyoitema

Jumatano, 4 Juni 2025

Upepo wa Tunduma leo kama umetumwa. Vumbi mpaka kwenye chupa za grosari. Wateja hakuna, nimeshinda kwenye simu naangalia Wazungu wanavyoonja waini. Wanazungusha, wananusa, wanasukutua — halafu wanatema! Waini ya hela yote ile!

Siku hizi kavu ndiyo inatrendi, tamu wanaicheka. Na wafuasi wangu wa mtandaoni nao wameanza. Mmoja kaandika, dada Ketrina, tumechoka na tamu, tuonjeshe kavu.

Kavu ninayo moja tu. Mama yake Edson, mchumba wangu, alileta chupa mbili siku ya posa, kutoka kwa dada yake Nakonde. Moja waliimaliza. Alionja yeye kwanza mbele ya watu, kama desturi ya kwetu, tuone haina kitu, ndipo akatukaribisha. Mimi nilijifanya naenda jikoni.

Sijaziona siku zangu. Edson mwenyewe sijamwambia. Mahari bado, na baba ni mzee wa kanisa Isansa. Nitakufa mimi!

Ijumaa, 6 Juni

Nimerekodi! Gauni jekundu, glasi ndefu. Nimenusa: zambarau na moshi wa jikoni. Nimesukutua. Nimetema kwenye kikombe, kwa madaha kabisa. Kumeza siwezi, na hakuna atakayejua kwa nini. Mjanja mimi!

Nimemshukuru na mama mkwe kwa jina, kwamba zawadi ni yake. Watazamaji wanapanda tu. Sijawahi kupata hivi.

Jumapili, 8 Juni

Edson kapiga tukitoka ibadani. Hata salamu hakuna. Ndugu zao wa Nakonde wamemwonyesha mama yake video. Analia tangu jana huko Ivuna. Anasema ameonja mbele ya ukoo mzima, halafu mkwe kaitema mbele ya dunia. Kwa hiyo yeye mchawi? Kaweka sumu?

Nikamwambia wataalamu ndivyo wanavyoonja. Akauliza, hao wataalamu wanaolewa Ivuna? Akakata.

Nimefuta video. Watu walishaisambaza.

Jumanne, 10 Juni

Shangazi Elizabeti kasuluhisha. Edson na mama yake wanakuja Jumamosi. Ninywe glasi moja mbele yao, niimeze yote, yaishe. Nikikataa, posa inavunjika.

Shangazi anacheka, kazi gani hiyo, si wewe ndiye mtaalamu wa waini! Nikacheka na mimi. Nikaenda nyuma ya nyumba kutapika.

Nimefikiria ile isiyo na kilevi, imeingia juzi juzi, wapo wanaoisifu. Niimimine kwenye chupa nyingine? Lakini chupa anakuja nayo Mama Edson, na anafungua yeye. Jamani!

Alhamisi, 12 Juni

Mara nne nimeandika ujumbe kwa Edson. Mara nne nimefuta.

Jumamosi, 14 Juni

Wako sebuleni. Naandika chumbani, mlango nimefunga kwa komeo.

Mama Edson alifungua chupa mwenyewe. Akamimina, akaonja, akameza, akanisogezea glasi kwa mikono miwili. Wala hakuwa na hasira, uso umechoka tu. Mimi nikaileta glasi mdomoni. Harufu ikanipanda — nikaiweka chini, nikakimbia!

Nasikia Edson anasema, mmeona wenyewe. Shangazi anapandisha sauti.

Nitoke niseme? Niseme mbele ya baba?

Mtu anabisha. Si shangazi.

Ni Mama Edson. Anaongea chini chini, kama hataki wasikie kule sebuleni. Anasema, mwanangu, fungua, niko peke yangu. Anasema glasi kaiacha mezani. Kaniletea ndimu na chumvi ya Ivuna, anasema ndivyo alivyokuwa akilamba akiwa na mimba ya Edson.