Penda Mpira, Usikanyage Nyasi

Jumatatu, 3 Machi

Bango limepanda leo. Refu kuliko basi, linaonekana tangu kwenye mzunguko wa barabara: PENDA MPIRA, USIKANYAGE NYASI. Maneno ni yangu. Mimi ndiye Ofisa Uhamasishaji wa kandanda nchi nzima, na hayo ndiyo matunda ya vikao vya miezi mitatu. Nilikuwa nimependekeza "Mpira ni Wetu Sote". Bwana Shamba akagoma. Alisema watu wakishaambiwa mpira ni wao wataingia uwanjani.

Bwana Shamba si mtu wa mpira. Mwaka juzi mkaguzi wa mpira wa dunia alikuja, akatazama uwanja wetu, akakohoa vumbi, akasema hakuna mechi ya kimataifa hapa mpaka pawe na nyasi. Mwenyekiti wa shirikisho akaazima mtaalamu wa kilimo kwa wiki mbili. Hajaondoka mpaka leo. Ana ofisi, ana funguo zote, na Mwenyekiti humpisha mlangoni.

Nyasi zimeota, sikatai. Nzuri mno! Nikizipita asubuhi natembea kwa adabu. Ila tangu ziote hakuna aliyezikanyaga. Ligi kuu tunaichezea kwenye maegesho ya magari nyuma ya jukwaa. Jumapili mechi ilisimama ili lori la maji lirudi nyuma, na dereva akadai kona.

Jumanne, 4 Machi

Kizaazaa. Mkaguzi anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Anataka kuona mechi — juu ya nyasi!

Ofisini palikuwa kama msibani. Katibu akauliza kama hatuwezi kumwonyesha picha. Bwana Shamba alitoka nje akaenda kukaa na nyasi zake.

Lakini kuna jingine, na hili sijamwambia mtu ofisini. Mkaguzi anakuja na wakala. Anaitafutia vijana timu ya ng'ambo, ya ile ligi ambayo nusu ya mji huvaa jezi zake. Hachukui aliyetimiza miaka ishirini na mitatu. Mdogo wangu anaitimiza mwezi ujao.

Mdogo wangu ni Kiberiti. Jina alipewa na wenzake: mdogo, mkavu, na anawaka ghafla. Winga wa kushoto. Kwenye lami ya maegesho nimemwona akiwapita mabeki watatu na pikipiki moja. Magoti yake yote ni makovu. Timu ya taifa hawajamwita hata siku moja. Kocha anasema kijana ni mwepesi, upepo ukija utaondoka naye.

Nimemwambia Mama habari za wakala. Akaweka mwiko chini. Basi nafasi ni hii, akasema, hakuna nyingine.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao cha saa sita nzima. Hoja moja tu: mechi ichezwe bila kuumiza nyasi.

Katibu: wavae soksi, njumu marufuku. Ikapita. Mwekahazina: mpira upunguzwe upepo, usidunde. Ikapita. Kocha akauliza kwa upole kama mpira wenyewe utaruhusiwa. Wakaliahirisha hilo.

Halafu Bwana Shamba akanyoosha kidole. Tatizo si mpira, akasema. Tatizo ni uzito. Mchezaji wa kilo tisini ni kama ng'ombe. Kwa hiyo timu ichaguliwe kwa mizani.

Nilicheka. Hakuna mwingine aliyecheka. Imeandikwa kwenye kumbukumbu kwamba Ofisa Uhamasishaji alicheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mizani imeazimwa kwenye ghala la vitunguu. Ile ya bamba la chuma, bado ina maganda. Wachezaji wa nchi nzima wakapanga foleni wakiwa na chupi tu. Nahodha wetu, mfungaji bora miaka minne, alipanda, mshale ukaruka, akarudishwa nyumbani. Alikuwa anauma midomo. Golikipa alivua hata pete.

Wa kwanza kuchaguliwa: Kiberiti.

Miaka miwili nimewasihi watu wamtazame mtoto huyu akicheza. Nimepeleka video, nimepeleka watu maegesho, nimejipendekeza mpaka nikajichukia. Leo amepita bila kugusa mpira. Jioni kaja nyumbani, hajui acheke au anune.

"Dada, nimechaguliwa kwa sababu ya kilo?"

"Umechaguliwa. Ishia hapo."

"Kama kuku wa sokoni."

"Kuku wa sokoni wanataka mnene," nikamwambia. Hakucheka.

Na Mama! Tangu mtoto ana miaka kumi anamshindilia chakula ili kocha aone mwili. Leo kamwekea sahani, akaitazama, akairudisha jikoni. Usije ukaharibu, mwanangu, akamwambia. Mpaka Jumamosi ya mechi ni uji mwepesi.

Jumatatu, 10 Machi

Mazoezi ya kwanza juu ya nyasi. Wote wamevaa soksi, wembamba, wamepangwa kama miswaki. Kocha kasimama pembeni na filimbi mdomoni, hana kazi nayo. Anayefundisha ni Bwana Shamba.

Sheria mpya. Kukimbia hakuna. Kuruka hakuna. Golikipa asijirushe. Mashambulizi yapitie kulia, maana upande wa kushoto umepumzishwa — mbegu za mwanzo zilikufa, kapanda upya. Kauzungushia kamba kutoka kona mpaka karibu na mstari wa kati. Ndani ya kamba miche laini, kama nywele za mtoto mchanga.

Winga ya kushoto yote. Pale pale anapochezea mdogo wangu!

Kocha akamwambia Kiberiti acheze kushoto, ila katikati. Kiberiti akauliza huko ni wapi. Kocha akatazama mbali. Nikikujibu, kesho unaweza usinikute hapa, akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Mwenyekiti naye akaja kutangaza: atakayekanyaga miche anamwaga unga, na kama ana ndugu shirikishoni, huyo ndugu naye anamwaga unga, kazi basi. Alinitazama mimi tu. Nilijikaza kisabuni. Nyumbani kwetu mshahara ni wangu peke yangu.

Jumatano, 12 Machi

Nimemfuata Bwana Shamba. Nilimkuta amepiga magoti kwenye kamba, ananyunyizia miche maji kwa kopo lenye matundu, kidogo kidogo.

Nikamweleza yote. Wakala, umri, mwezi ujao. Sikuficha kitu. Nikamwomba ile kamba isogezwe hatua chache tu, kwa dakika tisini, kwa ajili ya mtu mmoja.

Nilitegemea ang'ake. Hakung'aka. Akaniambia nipige magoti nami nione. Nikapiga. Miche ilikuwa inatikisika, na upepo hakuna. Nimelala hapa wiki tatu, akasema, ndege wasile mbegu. Mdogo wako atapata mechi nyingine, binti, hizi zikikanyagwa sasa haziinuki.

"Hatapata nyingine, Bwana Shamba."

Akafuta mikono kwenye suruali. Pole sana, akasema, na alimaanisha, nilimwona machoni. Angekuwa mbaya ningemchukia nikapumua. Nimelia stoo, juu ya nyavu za magoli. Nimelia kwa hasira na kwa aibu, maana hata mimi nilikuwa nimeionea huruma ile miche.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimefundisha mashabiki kushangilia.

Bwana Shamba ana wasiwasi na mitetemo. Watu wakirukaruka jukwaani, mizizi inashtuka. Kwa hiyo nimewakalisha watu mia nane, wote na jezi za klabu za ng'ambo, hakuna hata mmoja mwenye jezi ya hapa, nikawafundisha kupiga makofi wameketi, visigino vimeinuliwa. Shabiki mmoja wa siku nyingi akauliza: bao likiingia? Nikamwambia atikise kichwa kwa furaha. Alinitazama kama niliyemwibia kitu.

Nimekabidhiwa pia kipaza sauti. Mtangazaji wetu ana sauti nzito, wanaogopa. Kazi yangu: atakayekimbia, Katibu ataniletea namba, nami nitatangaza atoke. Refa atatii spika.

Kiberiti usiku huu kakaa kitandani anasafisha njumu ambazo hataruhusiwa kuvaa. Mama kajifanya amelala.

"Dada, hebu niambie. Nikitembea vizuri sana, wakala ataona nini?"

Nikamwambia alale. Akasema mimi ndiye mtu pekee aliyewahi kumwona akicheza kweli, na sijui kwa nini hilo lilinichoma hivyo.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kibandani juu ya jukwaa, mapumziko. Nisipoandika nitapiga kelele, na kipaza sauti kiko hapa hapa.

Kipindi cha kwanza. Watu ishirini na wawili wembamba wenye soksi, wetu na wageni waliopimwa mizani ile ile, wanatembea. Mpira laini hauendi popote. Bao moja limeingia: golikipa aliusindikiza kwa macho mpaka wavuni. Mashabiki wakatikisa vichwa. Beki mmoja wa wageni alijisahau akakimbia, Katibu kaniletea namba, nikatangaza, akatoka ameshika kichwa. Nilisikia sauti yangu kwenye spika nikaikataa.

Mkaguzi kamuuliza Mwenyekiti kama hii mechi ni ya kumkumbuka marehemu fulani. Nasikia kila kitu, wamekaa chini yangu tu. Mwenyekiti akajibu bila kupepesa: huu ndio mtindo wetu, dunia inakimbia mno, sisi tunatafakari. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Baadaye akashuka, akavua viatu, akaweka unyayo kwenye nyasi akafumba macho. Huyu tumempata. Bwana Shamba alikuwa anafuta machozi na kofia.

Wakala ndiye ambaye hatujampata. Kapiga miayo, kaangalia simu, kamwambia dereva alete gari mlangoni. Kiberiti kagusa mpira mara mbili. Alitembea vizuri. Mama yuko safu ya tatu, mikono kichwani.

Filimbi. Wanaanza tena.

Wanatembea. Wakala kafunga begi.

Wakala amesimama! Anampa Mkaguzi mkono. Anateremka ngazi.

Kiberiti kamwona. Nimemwona akimwona. Amekaa chini — katikati ya uwanja, amekaa! Anavua soksi. Mtu hajui afanye nini, sheria ya kuvua soksi haipo. Kainuka, miguu mitupu. Kaomba mpira kwa mkono. Kocha, yule yule muungwana wetu, kaingiza mikono mfukoni na kutazama angani. Mchezaji mwenzake kampa.

Kakimbia.

Sijui niandike vipi. Mtu wa kwanza hakumwona. Wa pili alianguka mwenyewe. Watu wamesahau visigino, jukwaa lote limenyanyuka, kibanda kinatikisika, na mwandiko wangu huu pia. Wakala kageuka kwenye ngazi. Kaweka begi chini. Kaketi pale pale, juu ya zege, suti na yote.

Sasa mabeki wawili wamembana kando ya kamba. Mbele hakuna njia. Kulia hakuna njia. Kushoto kuna uwazi mpaka golini, na ndani yake ile miche. Bwana Shamba kafika upande wa pili wa kamba, kapiga magoti, katandaza mikono kama anayekinga watoto. Anatikisa kichwa tu.

Katibu kaingia kibandani anahema. Namba kumi na moja, atoke! Mwenyekiti anasema sasa hivi, anasema unajua kinachofuata. Najua. Mama kageuka ananitazama mimi, hatazami uwanja.

Nimebonyeza kitufe. Taa nyekundu imewaka. Uwanja mzima umesikia ule mlio wa spika na umenyamaza. Mabeki wamesimama, refa kasimama, kila mtu anangoja amri. Spika zinatoa pumzi zangu, kubwa kubwa. Katibu ananisukuma bega, sema dada, sema.

Kiberiti ndiye pekee asiyesimama, mpira bado uko mguuni mwake. Kavusha mguu mmoja ndani ya kamba, kauning'iniza juu ya miche, haujagusa. Kainua uso huku juu. Anamngoja dada yake ataje namba.