Ndevu za Mzee wa Jokofu Namba Nne

Jumatatu, 9 Juni

Wameletwa maiti wawili leo hapa mochari. Mzee wa jokofu namba nne alianguka barabarani, akafia hospitali, ndugu zake hawajajulikana. Ndevu mpaka kifuani! Nimemwosha, nimemvua bangili ya chuma kwa sabuni, nikamnyoa ndevu vizuri — kama nilivyokuwa namnyoa baba alipougua. Akapendeza. Nikajisifu mwenyewe.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwisha.

Binti yake kapiga simu asubuhi, nikapokea mimi. Kumbe mzee ni Singasinga. Sauti imemkauka kwa kulia, lakini adabu tele. Watakuja kesho kumwosha wenyewe. Kwao maiti huchomwa akiwa na vitu vyake vitano: bangili, kitana, kisu kidogo, kaptula nyeupe, na nywele. "Tangu azaliwe hajakata, dada. Kichwani wala kidevuni. Miaka themanini na moja. Tafadhali, asiguswe hata unywele mmoja."

Nikamjibu sawa. SAWA! Ulimi huu!

Bangili nimemrudishia mkononi. Kitana, kisu na kaptula vimo kwenye mfuko wa mali zake. Ndevu je? Nimepekua pipa la taka kwa mikono mpaka nikazipata. Nimezifunga kwenye kitambaa safi. Bosi anasema nitulie: tutasema walimnyoa hospitali ili avalishwe oksijeni. Nani atajua? Nikisema kweli, kibarua kimeota nyasi.



Jumatano, 11 Juni

Wamefika saa tatu. Binti na kaka zake wawili, mapande ya watu, vilemba vyeupe. Shuka likafunuliwa. Binti akauliza ni nani aliyemnyoa. Bosi akaanza, "Hospitali ndiyo—" Mtu akamkatiza: "Ni mimi." Kumbe mdomo ni wangu!

Nikampa binti kile kitambaa. Hakulia, hakutukana. Kaka mkubwa akapiga ukuta ngumi. Bosi akarudi nyuma mpaka mlangoni. Kisha wanaume wakajifungia kumwosha baba yao.

Niko chumba cha kubadilishia nguo. Naandika nikisubiri wamalize.  Maji yanamwagika kule. Wanaimba chini kwa chini. Sasa maji yamefungwa.

Binti yuko mlangoni hapa. Wameshamvika, anasema. Bado kuchanwa nywele. Wanamtaka aliyemnyoa aje amshike kichwa.

Mimi? Kwa nini mimi? "Umesema kweli," anajibu. Macho makavu. Nyuma yake kaka mkubwa.

"Njoo, dada. Nawa kwanza."

Nimenawa. Nimenawa tena. Wananisubiri. Naweka kalamu, naenda.